Timazi ya Big Ben

Kila nishukapo katika kituo cha treni cha Westminster, jijini London, sifiki kwenye jukwaa la njia ya Jubilee, mojawapo ya reli za chini ya ardhi za jiji hilo, bila kusimama kwanza. Kuna mahali, baada ya kuziacha treni za juu na kuanza kuteremka kwa ngazi za umeme, ambapo kuta hufunguka na mtu hujikuta ndani ya shimo kubwa mno la zege tupu, lisilopakwa rangi wala kuwekwa vigae, na boriti nene za mviringo zimekatiza hewani kutoka ukuta hadi ukuta juu ya vichwa vya abiria. Wenye haraka hunipita upande wa kushoto. Nimepita hapo kwa miaka mingi na bado natazama juu, kwa sababu mimi ni mpima ardhi, nilisomea kazi hiyo Dar es Salaam na ndiyo inayonilisha hadi leo, na ninajua kwamba kazi ngumu kuliko zote iliyofanyika mahali pale haimo ndani ya shimo lenyewe. Imo mita 34 kutoka ukingo wake, ng'ambo ya barabara, nayo ni mnara wa saa wa Bunge la Uingereza, ambao watu wengi huuita Big Ben kwa jina la kengele yake, na ambao ulikuwepo kabla ya shimo hilo na bado upo.

Tunapozungumza sisi tunaotoka Afrika Mashariki kuhusu reli za chini ya ardhi, mazungumzo huelekea haraka kwenye mashine za kuchimbia na mabilioni ya fedha. Ni mazungumzo mazuri, lakini mimi hutoka nikiwa na kiu, kwa kuwa hakuna aliyetaja kupima. Leo nataka nieleze habari ya kituo kimoja tu, kwa upande wa mtu aliyeshika timazi, yaani chombo cha kupimia kama kitu kimesimama wima.

Kituo cha Westminster si kipya kwa jina. Treni zilianza kusimama hapo Desemba 1868, katika reli ya zamani iliyojengwa kwa njia rahisi ya wakati ule, yaani kuchimba mtaro mpana kutoka juu, kuujengea kuta na kuufunika. Reli hiyo ipo karibu sana na uso wa barabara, na ndiyo inayobeba leo njia za District na Circle. Mwaka 1993, mwezi Desemba, ilianza kazi ya kuiongeza njia ya Jubilee kutoka Green Park hadi Stratford, mashariki mwa jiji, na Westminster ikawa mojawapo ya vituo kumi na kimoja vya kipande hicho kipya. Kituo kilifunguliwa kwa treni za Jubilee tarehe 22 Desemba 1999. Gharama ya njia nzima, iliyokadiriwa mwanzoni kuwa pauni bilioni 2.1, ilifikia takriban bilioni 3.5.

Shida ya Westminster ilikuwa nafasi. Upande mmoja kuna Mto Thames, upande wa pili kuna majengo ya serikali, kusini kuna Bunge, na katikati kuna reli ya mwaka 1868 ambayo ilipaswa kuendelea kubeba abiria kila siku ya kazi. Juu ya kituo chenyewe iliamuliwa lijengwe jengo jipya la ofisi za wabunge, Portcullis House, na msanifu wa majengo Michael Hopkins ndiye aliyepewa kazi ya kulisanifu jengo hilo pamoja na kituo kilicho chini yake. Kwa kuwa hapakuwa na pa kutanuka, walikwenda chini. Shimo lilifika kina cha mita 39, ambacho hakikuwahi kufikiwa na uchimbaji wowote wa wazi katikati ya London hadi wakati huo. Ukiliweka ndani yake jengo la ghorofa kumi, paa lake halitachungulia barabarani. Mahandaki mawili ya treni, ambayo kwa kawaida hukaa sambamba, yaliwekwa moja juu ya jingine chini ya barabara ya Bridge Street, ili yasijisogeze upande wa mnara zaidi ya ilivyolazimu.

Mtu aliyewahi kuchimba hata choo cha shimo anajua kwamba huwezi kwenda chini mita nyingi kwa kuta za udongo zilizosimama wima ukabaki salama. Hapa kuta zilijengwa kabla ya shimo. Huchimbwa kwanza mtaro mwembamba, wenye upana wa ukuta unaotakiwa, na wakati wote wa kuchimba mtaro huo hujazwa tope la bentonaiti, aina ya mfinyanzi laini, ambalo ni zito kiasi cha kuzizuia kingo zisianguke. Mtaro ukifika kina chake, fremu ya nondo huteremshwa ndani ya tope hilo, kisha zege humiminwa kwa bomba kuanzia chini, nalo hulisukuma tope juu hadi litoke lote. Kipande kimoja kikikauka, huchimbwa kinachofuata, hadi vipande vyote viungane na kuwa sanduku la zege lililozikwa, lenye kuta za unene wa mita moja, huku ndani yake kukiwa bado kumejaa udongo usioguswa. Hapo ndipo udongo wa ndani huanza kutolewa kutoka juu kwenda chini, na kila baada ya hatua fulani kuta hukazwa kwa sakafu au kwa boriti ili zisiinamiane. Zile boriti za mviringo ninazozitazama kutoka kwenye ngazi ya umeme zilipangwa vizuri machoni, ni kweli, ila kazi yake ni kuzizuia kuta mbili zisikutane.

Na reli ya zamani je? Hilo ndilo jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nililirudia mara mbili. Njia za District na Circle zinapita sehemu ya juu ya sanduku hilo hilo, na mpango wa jengo ulihitaji ziteremke milimita 300. Treni hazikuondolewa. Usiku, baada ya treni ya mwisho, mafundi waliingia, wakaishusha reli kidogo tu, wakahakikisha kwamba iko sawa, wakatoka kabla ya treni ya alfajiri. Usiku mwingine wakarudi. Abiria wa asubuhi alipita mahali pale pale alipopita jana yake, akiwa chini kidogo kuliko jana, bila kujua.

Sasa nirudi kwenye mnara. London imekalia tabaka nene la udongo wa mfinyanzi, mgumu, wa kijivu uliochanganyika na buluu, ambao ndio uliowezesha jiji hilo kuwa na reli nyingi za chini ya ardhi tangu karne ya kumi na tisa, kwa sababu hukatika vizuri na maji hupita ndani yake kwa shida sana. Hata hivyo kila udongo, ukiutoa mahali ulipokuwa, ule uliobaki husogea kuelekea nafasi iliyoachwa wazi. Handaki likichimbwa, ardhi iliyo juu yake huzama kidogo kwa umbo la bakuli pana. Shimo likichimbwa, kuta zake hujikunja ndani kwa milimita kadhaa hata zikiwa nene namna gani, na ardhi iliyo nyuma ya kuta hizo huzifuata. Hakuna mkandarasi anayeweza kulifuta jambo hilo. Anachoweza kufanya ni kulikadiria mapema, kulipunguza, na kulifuatilia.

Mnara wa saa una urefu wa mita 96 na uzito wa zaidi ya tani 8,000, na uzito wote huo umekalia msingi mfupi wa zege la zamani uliolazwa juu ya changarawe, ambayo chini yake ndipo mfinyanzi unapoanzia. Hauna nguzo za kina kirefu. Ardhi iliyo chini ya ukingo wake wa kaskazini, ule unaotazama kituo, ikizama zaidi ya ile iliyo chini ya ukingo wa kusini, mnara utainama kuelekea kaskazini, na kila milimita ya tofauti chini huwa milimita nyingi huko juu. Wahandisi walipokokotoa, waliona kwamba ukiachwa bila msaada mnara ungeinama kiasi kisichokubalika, pengine hadi kuleta nyufa mahali ulipoungana na jengo la Bunge.

Mtu aliyeitwa kulishughulikia suala hilo alikuwa Profesa John Burland wa Imperial College, ambaye katika miaka hiyo hiyo alikuwa pia katika kamati iliyokuwa ikitafuta namna ya kuuokoa mnara ulioinama wa Pisa huko Italia. Mnara wa London hakuwa mgeni nao. Katika miaka ya 1970 lilichimbwa gereji la magari la chini ya ardhi katika uwanja wa Bunge, naye alihusika na kazi hiyo, kwa hiyo alikuwa na kumbukumbu za vipimo vya mnara tangu wakati huo. Nazipenda sana kumbukumbu za namna hiyo. Zinaonyesha, kwa mfano, kwamba mnara haukutulia hata wakati hakuna anayechimba chochote: jua likiupiga upande mmoja, jiwe hupanuka na mnara husogea kidogo, kisha usiku hurudi. Asiyeijua hali ya kawaida ya kitu hawezi kuitambua hali isiyo ya kawaida, na mpima anayefika siku moja na shimo amechelewa.

Njia iliyochaguliwa ilikuwa hii. Kabla ya shimo la kituo kufika chini, lilichimbwa shimo dogo la wima pembeni, na kutoka humo yalisukumwa mabomba marefu ya chuma kwa ulalo, yakaenea ndani ya udongo chini ya msingi wa mnara kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Kila bomba lilikuwa na matundu mengi yaliyofunikwa kwa mikanda ya mpira, hivi kwamba fundi aliweza kuchagua tundu moja tu, mahali alipopataka, na kusukuma kupitia hapo uji wa saruji kwa shinikizo kubwa. Uji huo huingia katika udongo, huutanua na kuunyanyua kiasi kidogo sana. Shimo la kituo likiushusha udongo, uji huurudisha. Kazi hiyo ilifanyika kwa awamu nyingi kuanzia Januari 1996 hadi Septemba 1997.

Lakini uji usukumwe wapi, lini, na kwa kiasi gani? Jibu lilitoka ndani ya mnara wenyewe. Katika upenyo wa wima ulio kando ya ngazi za mnara ilifungwa timazi ya macho. Mafundi wa ujenzi wa kwetu wanaijua timazi ya kamba, kile kipande cha chuma chenye ncha kinachoning'inizwa ili kuona kama ukuta umesimama wima. Hii ya macho hufanya kazi ile ile, ila badala ya kamba hutumia mstari wa kuona unaokwenda wima kabisa kutoka chini hadi kwenye shabaha iliyofungwa kwenye kimo cha mita 55. Mtu huchungulia, husoma, huandika. Kulikuwa pia na vihisi vya umeme vilivyotoa takwimu mchana na usiku bila kuguswa, navyo vilisaidia sana, ila timazi ilikuwa mzee wa baraza: vyombo vingine vikitofautiana, ndiyo iliyoulizwa. Ilikubaliwa mapema kwamba mnara ukifikia kiwango fulani cha kuinama, uji husukumwa, na ukirudi hadi kiwango kingine, kazi husimama. Kwa muda wote huo kuinama kwa mnara, ukipimwa kwenye kimo hicho cha mita 55, kulizuiwa kusizidi takriban milimita 35. Saa iliendelea kupiga. Baada ya uji kukoma mnara uliendelea kusogea polepole kwa miaka kadhaa, kwa kuwa maji yaliyomo ndani ya mfinyanzi huchukua muda mrefu kutulia, na vipimo viliendelea vile vile.

Milimita 35 ni upana wa vidole viwili. Ndio maana husimama pale kwenye ngazi.

Sisemi kwamba watu wa London wana hekima isiyopatikana kwingine. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1994, wakati kazi za Jubilee zilikuwa zimekwisha kuanza, mahandaki ya reli mpya ya kwenda uwanja wa ndege wa Heathrow yaliporomoka yakiwa bado yanajengwa, katika udongo ule ule wa mfinyanzi, na shimo likajitokeza juu katikati ya uwanja. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyeumia. Njia iliyotumika huko, ya kuchimba kidogo na kupulizia zege kwenye kuta papo hapo, ilikuwa ikitumika pia katika vituo vya Jubilee vya Waterloo na London Bridge, na kazi hizo zikasimamishwa hadi ieleweke kilichotokea. Uchunguzi ulipotoka, jambo lililoniuma zaidi kama mpima ni kwamba vipimo vilikuwepo. Ardhi ilikuwa imesema kwa muda mrefu kwamba inasogea, tarakimu ziliandikwa, na waliokuwa na mamlaka ya kuisimamisha kazi hawakuzitendea haki tarakimu hizo kwa wakati.

Na kuna Cologne, Ujerumani. Tarehe 3 Machi 2009 jengo la hifadhi ya nyaraka za kihistoria za jiji hilo lilianguka ndani ya shimo lililokuwa likichimbwa mbele yake kwa ajili ya reli mpya ya chini ya ardhi. Vijana wawili waliokuwa katika nyumba za jirani walikufa, na nyaraka za zaidi ya miaka elfu moja zikafukiwa pamoja na kifusi na maji. Wasomaji na wafanyakazi wa hifadhi walinusurika kwa sababu mafundi wa shimoni walitoka mbio na kuwaonya. Kuta za shimo hilo zilikuwa za aina ile ile niliyoieleza ya Westminster, zilizomiminwa ndani ya mtaro wa tope, na wataalamu waliochunguza kwa niaba ya mahakama walieleza kwamba kipande kimoja cha ukuta kilikuwa na kasoro. Cologne haina mfinyanzi wa London; iko kando ya Mto Rhein, juu ya mchanga na changarawe iliyojaa maji. Katika mfinyanzi kasoro ya ukuta humpa mtu muda. Katika mchanga wenye maji, tundu moja hutosha kuipitisha ardhi yote iliyo nyuma yake. Nikiwaza mji wowote wa pwani yetu, ambako ukichimba mita chache tu kwenye mchanga unayakuta maji, huwa naiwaza Cologne kabla ya kuiwaza London.

Miaka kumi na kadhaa baada ya Westminster, London ilichimba tena, safari hii kwa ajili ya njia ya Elizabeth, iliyofunguliwa tarehe 24 Mei 2022. Katika kituo cha Tottenham Court Road mashine ya kuchimbia ilipita juu ya handaki la njia ya Northern, kwa umbali usiofika mita moja, huku treni zikiendelea kwenda na kurudi humo ndani. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuhamia hapa, na nakumbuka nilivyokuwa nikitembea mitaa ya karibu na kuhesabu shabaha ndogo za kioo zilizogandishwa kwenye kuta za majengo ya zamani, moja juu ya dirisha la duka, nyingine kwenye pembe ya kanisa, na vyombo vilivyofungwa juu ya mapaa vikigeuka vyenyewe kuzitazama moja baada ya nyingine, usiku kucha. Wapita njia hawakuziona. Mimi niliziona kama mtu anavyoitambua sauti ya ndugu yake sokoni.

Nayaandika haya kwa sababu ya nyumba ya mama yangu, Magomeni. Miaka michache iliyopita jirani alianza kujenga ghorofa, akachimba shimo la msingi na la ghorofa ya chini karibu kabisa na ukuta wetu, na wiki ya tatu ufa ukatokea chumbani, kuanzia pembe ya dirisha hadi darini. Mama alikwenda kuuliza. Fundi mkuu alimwamkia kwa heshima zote na kumwambia, "Usijali mama, nyumba inakaa tu." Hakuna aliyekuwa ameupima ukuta wetu kabla, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba ufa ni mpya, wala kwamba unakua. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, mama alinipigia simu usiku, akaniuliza kama ahame. Nilishindwa kumjibu. Tangu mwanzo wa kazi yangu nimepima majengo ya watu nisiowajua, na la mama yangu sikuwa na kipimo chake hata kimoja.

Nilipokwenda likizo mwezi uliofuata nilifanya kile ambacho mafundi wa zamani walikuwa wakikifanya. Nilipaka plasta nyembamba katika sehemu tatu juu ya ufa, nikaandika tarehe kwenye kila moja kwa msumari plasta ikiwa mbichi, nikaning'iniza timazi ya kamba kutoka darini, na chini yake nikachora alama sakafuni kwa rangi nyekundu. Plasta ikikatika, ufa umesogea. Mama husoma kila Jumapili baada ya chai na kunitumia ujumbe, naye huandika kwa ukamilifu kuliko wasaidizi wengi niliowahi kufanya nao kazi: ya juu nzima, ya kati nzima, ya chini nzima, kamba ipo kwenye alama. Jumapili iliyopita aliandika kwamba ya kati ina mstari mwembamba kama unywele. Nimemwomba aweke rula kando ya mstari huo, apige picha, na atafute tarehe ambayo jirani alianza kumimina nguzo za upande wetu.